Uzi: Namba ya vifo vya hewa chafu hupatikanaje, na ni wapi watu huikosea

Mpima_Hewa

Wakuu, salaam.

Kila ripoti ya hewa ikitoka, kuna anayeuliza: hao waliouawa na hewa chafu wako wapi, mbona vyeti vya vifo haviandiki hivyo? Swali lina haki yake, ndiyo maana nafungua uzi huu. Naomba tujadili hesabu yenyewe badala ya kurushiana namba za magazetini.

Kwanza, ni kweli vyeti haviandiki. Kisa kinachojulikana sana ni cha Ella Adoo-Kissi-Debrah wa London, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9. Uchunguzi wa pili wa kifo chake, Desemba 2020, uliandika sababu kwa mpangilio huu: kushindwa kupumua ghafla, kulikoletwa na pumu kali, na chini yake kuvuta hewa chafu. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kwa cheti kutaja hivyo. Wengine wote mnaowasoma kwenye ripoti hawana majina. Wamehesabiwa.

Wamehesabiwaje? Unachukua maelfu ya watu wanaoishi sehemu zenye viwango tofauti vya chembe laini (PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini), unawaandikia umri, sigara, uzito, elimu na kazi, halafu unawafuatilia miaka mingi kuona nani anafariki na lini. Utafiti uliofungua njia ni ule wa miji sita ya Marekani uliotolewa 1993: watu wazima 8,111 walioandikishwa miaka ya 1970 na kufuatiliwa miaka 14 hadi 16. Portage, Wisconsin, ulikuwa na wastani wa mikrogramu 11 kwa mita ya ujazo. Steubenville, Ohio, ulikuwa na 29.6. Baada ya kuondoa tofauti za sigara na mengineyo, kasi ya vifo Steubenville ilizidi ile ya Portage kwa asilimia 26.

Huo ndio msingi. Mengine yote ni kupanua, kubishia na kurekebisha.

---

Mbishi_Halisi

Mkuu, nashukuru kwa uzi, ila hapo kwenye "baada ya kuondoa tofauti" ndipo panaponikera. Wanaoishi karibu na viwanda na barabara kuu ni maskini. Wanavuta sigara zaidi, wanafanya kazi ngumu na wanachelewa hospitali. Utajuaje kwamba kinachowaua ni hewa na siyo umaskini? Halafu miji sita! Hapo una nukta sita tu kwenye grafu.

---

Mpima_Hewa

Hoja hiyo ilipiganiwa vikali miaka ya 1990, tena na watu waliokuwa na fedha za kuipigania, kwa sababu viwango vipya vya kisheria vilikuwa vinategemea matokeo hayo. Data zikakabidhiwa kwa timu huru chini ya taasisi ya HEI ya Boston, ikiongozwa na Daniel Krewski. Walikagua kumbukumbu, wakarudia hesabu, wakajaribu vigezo vingi vya ziada. Ripoti ikatoka mwaka 2000, na matokeo ya msingi yalisimama.

Kuhusu nukta sita uko sahihi, na ndiyo maana hakuna anayesimama kwenye utafiti huo peke yake. Kundi la Shirika la Saratani la Marekani lilikuwa na watu takribani nusu milioni. Mwaka 2002 Arden Pope na wenzake walikuta kila ongezeko la mikrogramu 10 linakwenda na vifo zaidi kwa asilimia 4 kwa sababu zote, 6 kwa moyo na mapafu, na 8 kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2017 ukaja utafiti wa wazee wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani: watu zaidi ya milioni 60, ongezeko la asilimia 7.3 kwa kila mikrogramu 10. Huo una udhaifu unaousema wewe kabisa: bima haina rekodi ya sigara ya kila mtu. Kwa hiyo ukubwa wa kundi usikutishe. Kundi la watu 8,000 ambao sigara zao unazijua linajibu swali ambalo kundi la milioni 60 haliwezi kulijibu.

Njia ya pili ya kukwepa umaskini ni kutafuta mahali ambapo uchafuzi umegawanywa na kitu kisichohusiana na kipato. China walipata mfano wa ajabu: mto Huai. Kwa sera ya zamani, kaskazini mwa mto watu walipewa makaa ya mawe ya kupasha nyumba joto, kusini hawakupewa. Ukilinganisha waliopo karibu na mstari kwa pande zote mbili, chembe za PM10 (zenye kipenyo cha mikromita 10 au chini) kaskazini zilizidi kwa asilimia 46, na uchambuzi wa 2017 ukakuta umri wa kuishi upande huo ni mfupi kwa miaka 3.1. Mstari ulichorwa na watawala waliokuwa wanagawa makaa. Hakuna aliyechagua upande kwa sababu ya kuvuta sigara.

---

Tabibu_wa_Zamu

Niongeze upande wa mwili, maana wengi hudhani hewa chafu inaua kwa kukohoa.

Sehemu kubwa ya vifo hivi ni moyo na kiharusi. Chembe laini hupita koo na matawi ya mapafu hadi kwenye vifuko vya hewa. Hapo mwili unaamsha uvimbe wa ndani, na kemikali za uvimbe haziishii mapafuni; zinaingia kwenye damu. Damu inakuwa rahisi kuganda, mishipa inapoteza uwezo wa kutanuka, na mfumo wa neva unaoendesha mapigo ya moyo unavurugika. Kwa miaka, mafuta na chokaa hujengeka haraka zaidi kwenye kuta za mishipa ya moyo. Hili la mwisho limepimwa kwa picha: utafiti wa MESA Air wa 2016 ulifuatilia watu 6,795 wa miji ya Marekani na kukuta chokaa kwenye mishipa ya moyo inaongezeka kwa kasi zaidi pale PM2.5 ilipokuwa juu.

Baada ya moyo na kiharusi zinafuata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, nimonia, saratani ya mapafu na kisukari. Kuhusu saratani hakuna mjadala tena: IARC, wakala wa WHO wa utafiti wa saratani, iliiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la kwanza la visababishi Oktoba 2013.

Na tafadhali msichanganye athari ya siku na athari ya miaka. Utafiti wa miji 652 uliotoka 2019 ulikuta siku chafu zaidi kwa mikrogramu 10 za PM2.5 zinaongeza vifo vya siku hizo kwa asilimia 0.68. Kuishi miaka kwenye hewa iliyozidi kwa kiasi hichohicho kunaongeza kama asilimia 8. Mtu akichukua 0.68 akaiweka kwenye wastani wa mwaka, amepunguza tatizo zaidi ya mara kumi.

---

msomaji_tu

Samahani wakuu, sisi tusio wataalamu tungependa kuona hesabu yenyewe. Nina wastani wa mwaka wa mji wangu na idadi ya vifo. Nafanyaje?

---

Hesabu_Kavu

Karibu, ndugu. Hesabu ni fupi, mitego ndiyo mingi.

Unahitaji vitu vinne: wastani wa mwaka wa PM2.5, kiwango cha kulinganishia, idadi ya vifo, na uwiano wa hatari, yaani hatari ya kufa inazidishwa mara ngapi uchafuzi ukiongezeka kwa kiasi fulani. Kwa uwiano, mapitio ya Chen na Hoek ya 2020, yaliyofanywa kwa ajili ya mwongozo wa WHO, yanatoa 1.08 kwa kila mikrogramu 10, na masafa yake ya asilimia 95 (mipaka ya chini na ya juu ya makadirio) ni 1.06 hadi 1.09. Kwa kulinganishia, wengi hutumia 5, ambayo ndiyo kiwango cha mwaka cha WHO tangu 2021 (mwongozo wa 2005 ulikuwa 10).

Tuseme wastani ni 35 na vifo ni 10,000.

Tofauti: 35 − 5 = 30, yaani hatua tatu za mikrogramu 10.
Uwiano: 1.08 × 1.08 × 1.08 = 1.26.
Sehemu ya vifo inayobebwa na uchafuzi: (1.26 − 1) ÷ 1.26 = 0.206.
Vifo: takribani 2,060. Ukitumia 1.06 unapata 1,600, ukitumia 1.09 unapata 2,280. Andika zote tatu. Anayetoa namba moja bila masafa anakuuzia uhakika asiokuwa nao.

Sasa mitego.

Wengi hufanya 8 × 3 = asilimia 24, wanasema vifo 2,400. Wamekosea mara mbili: uwiano huzidishwa, haujumlishwi, na asilimia 24 ya ziada hupigwa juu ya vifo ambavyo vingetokea bila uchafuzi, siyo juu ya 10,000 mlivyonavyo tayari.

Mtego wa pili ni vifo vyenyewe. Tafiti hizi ni za watu wazima, na kwa kawaida uwiano hutumika kuanzia miaka 30, kwa vifo vya asili. Ukichota jumla yote ya rejista umeingiza ajali za barabarani, mauaji na watoto wachanga. Viondoe kwanza.

Wa tatu ni kipimo cha uwiano. Kuna tafiti zinazoripoti kwa kila mikrogramu 5. Ule wa ELAPSE wa Ulaya (2021) ulitoa 1.13 kwa 5. Kuigeuza iwe ya 10 unaizidisha kwa yenyewe: 1.13 × 1.13 = 1.28. Huongezi 13 na 13. Na kurudi kutoka 10 kwenda 5 unatafuta kipeuo cha pili: 1.08 inakuwa 1.039.

Wa nne ndio unaowaangusha hata washauri wenye kulipwa. Wanataka kujua faida ya kushusha hewa kutoka 35 hadi 25. Wanakokotoa vifo kwenye 35 (2,062), wanakokotoa kwenye 25 (1,427), wanatoa, wanapata 635. Jibu sahihi ni 741. Kwa nini? Kwenye 25 vifo vyote vingekuwa 10,000 ÷ 1.08 = 9,259, siyo 10,000 tena. Zile 1,427 zimepigwa kwenye vifo ambavyo visingekuwepo. Njia fupi: chukua 10,000, toa 9,259, basi.

---

Chujio47

Hesabu_Kavu kaeleza vizuri, ila yote hayo yanasimama juu ya neno "wastani wa mwaka ni 35". Nani kaupima, na kwa kifaa gani?

Kipimo mama ni chujio. Pampu inavuta lita 16.7 kwa dakika kwa saa 24, jumla mita za ujazo 24, kupitia chujio la Tefloni la milimita 47. Chujio hupimwa uzito kabla na baada ya kupitishiwa hewa, kila mara likiwa limekaa kwanza angalau saa 24 kwenye chumba chenye nyuzijoto 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Hewa ikiwa na mikrogramu 35, vumbi lote la siku nzima ni miligramu 0.84. Mkono uliogusa ukingo wa chujio, umeme tuli, au unyevu wa chumba uliopanda asubuhi hiyo vinaweza kula sehemu nzuri ya uzito huo. Ndiyo maana kila fungu linatakiwa kuwa na machujio matupu yanayosafirishwa na kupimwa kama mengine bila kupitishiwa hewa. Ukikuta maabara haina rekodi za machujio matupu, usiendelee kusoma ripoti.

Mtiririko nao una hila. Pampu ikichoka ikavuta 15 badala ya 16.7, umepata mita 21.6 za ujazo. Ukigawa kwa 24 unashusha kiwango. Wakati huohuo kichwa kinachotenganisha chembe hufanya kazi kwa kasi ya hewa. Kasi ikishuka, chembe kubwa kuliko 2.5 zinapenya na kuongeza uzito. Makosa mawili yanavutana pande mbili na huwezi kuyatenganisha baadaye. Angalia mtiririko mwanzo na mwisho wa kila sampuli.

Vihisi vidogo vya leza vilivyojaa mitandaoni havipimi uzito. Vinapima mwanga unaotawanywa na chembe, kisha programu inakisia. Unyevu ukiwa mwingi, chembe hunywa maji na kuvimba, kihisi kinasoma juu. Vumbi la udongo lenye chembe kubwa kinalikosa. Vinafaa, lakini baada ya kuvisimamisha bega kwa bega na kipimo cha rejea kwa wiki kadhaa, katika majira ya mvua na ya kiangazi, na kutengeneza masahihisho ya kila majira.

Mwisho, mwaka uliokatika. Kama kipimo kilizimika miezi ya mvua, wastani wako ni wa kiangazi tu. Marekani wanadai angalau asilimia 75 ya vipimo vilivyopangwa kwa kila robo ya mwaka, kisha wanapata wastani wa kila robo kabla ya kuunganisha robo nne. Fanyeni hivyo.

---

Hesabu_Kavu

Hapo kwenye wastani niongeze moja, maana ndiyo kosa linalobadilisha jibu kuliko yote: wapime watu, msipime ramani. Kata moja ina mikrogramu 50 na watu 20,000. Nyingine ina 20 na watu 80,000. Wastani wa vituo viwili ni 35. Wastani wa hewa wanayovuta watu ni 26. Kwa 35 uchafuzi unabeba asilimia 20.6 ya vifo. Kwa 26 unabeba 14.9. Kituo kimoja kilichowekwa kando ya mzunguko wa barabara kuu kinaweza kufanya kazi hiyo yote ya upotoshaji.

---

Mbishi_Halisi

Sawa, hoja ya mto Huai imenikaba. Lakini kuna hili: WHO inasema vifo vya hewa ya nje ni milioni 4.2 kwa mwaka 2019. Ripoti ya State of Global Air inasema milioni 8.1 kwa 2021. Wengine wamesema 8.9 kwa 2015. Mkitofautiana mara mbili, mnataka tuamini nini?

---

Mpima_Hewa

Mkuu, hizo namba tatu hazipimi kitu kimoja. Milioni 4.2 ni hewa ya nje pekee. Milioni 8.1 inaunganisha chembe za nje, moshi wa majiko ya ndani na ozoni. WHO nayo ukiiunganisha na moshi wa majumbani unapata 6.7.

Ile ya 8.9 ndiyo yenye ugomvi wa kweli, na ugomvi ni juu ya umbo la mstari unaounganisha kiwango cha uchafuzi na hatari ya kufa. Tafiti nyingi za awali zilitoka Marekani na Ulaya, kwenye hewa ya chini ya mikrogramu 30 hivi. Sasa una mji wenye 100. Ukiunyoosha ule 1.08 hadi huko, unapata uchafuzi unaobeba asilimia 52 ya vifo vyote, jambo lisiloingia akilini. Kwa hiyo mwaka 2014 Richard Burnett na wenzake walijaza pengo kwa kutumia data za wavutaji wa sigara na wanaovuta moshi wa wenzao. Mstari ukapanda haraka mwanzoni kisha ukalala. Mwaka 2018 Burnett huyohuyo na timu wakatumia tafiti za hewa ya nje tu, za makundi 41 ya watu kutoka nchi 16, wakiwemo wanaume wa China waliovuta hewa chafu sana. Mstari ukalala kidogo tu, na jumla ikafika 8.9 wakati hesabu nyingine za mwaka huo zilikuwa karibu na 4.

Kwa hiyo ukisoma ripoti, uliza maswali mawili: ni uchafuzi upi umeingizwa, na ni mstari upi umetumika. Asipokujibu, weka ripoti chini. Mimi binafsi kwa mji wenye wastani chini ya 40 natumia 1.08 bila wasiwasi. Juu ya hapo natumia mstari unaolala na naandika kwamba nimefanya hivyo.

---

Tabibu_wa_Zamu

Na "vifo 2,060" msivisome kama watu 2,060 waliouawa na hewa huku waliobaki wakiwa hawajaguswa. COMEAP, kamati ya Uingereza ya athari za hewa chafu kiafya, ililieleza hili vizuri mwaka 2010. Walikokotoa athari ya mwaka 2008 sawa na vifo 29,000, na miaka ya uhai 340,000 iliyopotea. Ukigawa, kila mmoja kapoteza zaidi ya miaka 11. Lakini wao wenyewe walisema uwezekano mkubwa ni kwamba uchafuzi ulichangia kwenye vifo vingi zaidi, pengine hadi 200,000, kila mtu akipoteza wastani wa miaka kama miwili. Hesabu haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Miaka ya uhai 340,000 ndiyo imara. Idadi ya "wahanga" inategemea unavyoigawa.

---

msomaji_tu

Na kuna ushahidi kwamba hewa ikisafishwa vifo vinashuka kweli? Isije ikawa hesabu ya kwenda tu, ya kurudi haipo.

---

Mpima_Hewa

Upo. Miji ile sita ilifuatiliwa tena hadi mwisho wa miaka ya 1990, na pale chembe ziliposhuka zaidi ndipo vifo vilipopungua zaidi. Pope, Ezzati na Dockery walichapisha mwaka 2009 kwamba kushuka kwa mikrogramu 10 katika miji ya Marekani kulikwenda na nyongeza ya umri wa kuishi wa takribani miaka 0.6.

Ila chunga mifano inayopendwa sana. Dublin ilipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi Septemba 1990, na utafiti wa 2002 ukatangaza vifo vya moyo vimeshuka kwa asilimia 10. Uchambuzi mpya wa 2013 ukalinganisha na sehemu za Ireland zisizokuwa na marufuku: vifo vya moyo vilikuwa vinashuka huko pia. Kilichobaki kikisimama ni upungufu wa vifo vya mfumo wa upumuaji. Hilo ni funzo la kuwa na eneo la kulinganishia kabla hujashangilia.

---

Hesabu_Kavu

Na kwa wanaoandika maandiko ya mradi: usiweke vifo vyote 741 kwenye mwaka wa kwanza. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likigawa faida kwa miaka 20: asilimia 30 mwaka wa kwanza, asilimia 50 ikitawanywa mwaka wa 2 hadi wa 5, na 20 iliyobaki mwaka wa 6 hadi wa 20. Kwa mfano wetu ni vifo 222 mwaka wa kwanza, 593 kwa mwaka ukifika wa tano, na 741 ukifika wa ishirini.

Hata hapo kuna la kuchunga. Aliyenusurika leo akiwa na miaka 68 atakufa siku nyingine, kwa hiyo idadi ya wazee inakua na vifo vya miaka ya mbele vinapanda tena. Kwa mradi wa zaidi ya miaka mitano hivi, achana na kuhesabu vifo. Tengeneza jedwali la uhai (linaloonyesha wangapi wanabaki hai kwa kila umri), punguza kasi ya vifo kwa asilimia 7.4 kuanzia miaka 30 kwa ratiba hiyo, na uripoti miaka ya uhai. Programu ya AirQ+ ya WHO ni ya bure na inafanya sehemu hiyo, mradi umeilisha vifo vilivyogawanywa kwa umri. Rejista nyingi zinatoa jumla tu, na hapo ndipo kazi hukwama. Anzeni kuomba mgawanyo wa umri mapema, kabla hata ya kuagiza vihisi.